Lakabu na Mwenye Daftari

Kutoka Mwanza mjini hadi Kamanga ni safari ya maji. Kivuko hubeba malori, baiskeli, matenga ya samaki, mananasi na watu waliosimama bega kwa bega mpaka ukingo wa pili wa ghuba. Nyuma hubaki mawe makubwa ya mwambao wa Mwanza, likiwemo lile liitwalo Jiwe la Bismarck, kwa jina la Mjerumani mkubwa ambaye hakuwahi kulitia machoni. Mbele ni gati, vibanda, na pikipiki zinazongoja abiria. Baina ya huku na kule hakuna la kufanya, na hapo ndipo simu zinapotoka mifukoni.

Msomaji na amtazame mmoja wa abiria hao. Tuseme ni mwalimu wa shule ya msingi. Wanafunzi humwita mwalimu, majirani humwita Baba Neema, wakweze humwita mkwe, na karani wa halmashauri humjua kwa namba ya mshahara. Katika majina hayo hakuna hata moja alilolichagua. Lakini kiganjani mwake mna jina jingine, alilolitunga mwenyewe usiku mmoja nyumba ilipolala, na kwa jina hilo watu wa Arusha, Mombasa, Maskati na London humngoja aseme neno. Huko hana umri, hana kabila, hana deni la dukani. Ana maneno tu. Kivuko kikigusa gati hulirudisha jina hilo mfukoni, akashuka akiwa Baba Neema.

Wapo wanaosema kwamba maradhi haya, kama ni maradhi, yameletwa na simu. Historia yasema vingine. Kuishi kwa jina la pili ni jambo kongwe mwambao na bara, na watu wa mashairi ndio wa mwisho wanaopaswa kulistaajabia, kwani lakabu ni mali yao. Kilichobadilika ni daftari: ni nani ajuaye kwamba jina hili na mtu yule ni kitu kimoja, na siri hiyo anaifanyia nini.

Yafaa kuanzia papo hapo ziwani. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima, karibu na ilipo Mwanza ya leo, akayatazama maji, kisha akayapa jina la malkia wake. Maji yale yalikuwa na majina: Nyanza kwa watu wa upande huu, Nalubaale kwa Waganda. Ziwa halikuulizwa. Na katika msafara wa Speke alikuwamo mtu ambaye yeye pia, lilipohusu jina lake, hakupata kuulizwa.

Mtu huyo aliitwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao. Alitekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akavushwa bahari hadi Bara Hindi na kutumikishwa huko miaka mingi. Bwana wake alipokufa aliachwa huru, akarudi Unguja, na kutoka hapo akaingia katika misafara ya Wazungu waliokuwa wakikitafuta chanzo cha mto Nile. Sidi ni neno la kule Bara Hindi la kuwaita watu wa asili ya Afrika. Mubarak ni katika majina ya heri waliyobandikwa watumwa wengi. Bombay ni mji. Jina alilopewa na mamake halikuhifadhiwa. Hata hivyo, kwa jina hilo la viraka alitembea kutoka pwani hadi ziwani, akarudi, akaenda tena. Na katika miaka ya 1870, akiwa na Cameron, alivuka bara zima hadi pwani ya Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani. Alifariki mwaka 1885. Jina lililobandikwa ili lile la kwanza lisahaulike ndilo linalomkumbusha leo, na wapo wengi waliobeba mizigo pamoja naye ambao hawakuachiwa hata hilo.

Basi jina la pili si anasa wakati wote. Mara nyingine ni kovu. Lakini baada ya amri ya mwaka 1897 iliyokomesha utumwa Unguja na Pemba, jambo jipya lilionekana. Watu walioachwa huru walianza kujitwalia majina, kama walivyojitwalia mavazi waliyokuwa wamekatazwa. Mtu aliyejulikana kwa jina la siku au la utani la mwenye shamba akajiita kwa jina la mtu mwungwana. Hata kabila lilibadilika: wahesabu watu wa serikali walipopita mwaka 1924 na tena mwaka 1931, waliojiandikisha kuwa Wayao au Wanyasa walikuwa wamepungua mno, na kupungua huko hakukuwa kwa vifo. Wenyewe walikuwa wamehama bila ya kuondoka mahali. Afisa mwenye daftari aliandika alichoambiwa.

Aliyepanda juu kuliko wote katika ngazi hiyo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kiasi cha mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Hilo lilikuwa jina lake hasa. Alipokuja mjini na sauti yake ikaanza kusikika, Mtumwa aligeuka Siti, yaani bibi mwenye heshima zake. Mwaka 1928 alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay kuimba kwenye santuri. Mji uliompa Mubarak jina ukaichukua sauti ya Siti. Kampuni iliyozitoa santuri hizo ilijiita Sauti ya Bwana Wake. Na atue msomaji hapo kidogo: mwanamke aliyezaliwa akiitwa Mtumwa, kwa jina la Siti, katika santuri yenye nembo ya Sauti ya Bwana Wake. Mtunzi wa riwaya angeogopa kulitia hilo katika kitabu.

Santuri zile zilienea Afrika Mashariki, na wengi walizisikiliza bila ya kumwona kamwe. Jambo hilo si dogo. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kuikejeli sura yake na asili yake, wakiuliza amekuwa mtu tangu lini. Na jibu lake, linalosimuliwa mpaka leo, liliwaelekeza kwenye akili na matendo. Ndani ya santuri kejeli ile ilikuwa haina pa kushika. Hapakuwa na sura ya kuchekwa wala nyumba ya Fumba ya kuonyeshwa kidole. Palikuwa na sauti na maneno. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, alikuwa mtu wa Tanga na karani wa serikali. Akaona vyema kwamba hapo palikuwa na jambo la kuandikiwa kitabu.

Bara, upande wa ziwa, watu walikuwa na njia yao. Usukumani, mavuno yakishaingia ghalani, kati ya Juni na Agosti, huja majira ya ngoma. Vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, hushindana, na asili yake husimuliwa kuwa ni ushindani wa watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mafundi wa dawa na wa ngoma. Mashindano huwa siku moja, viwanja viwili karibu karibu, na hakimu ni miguu ya watazamaji. Umati ukikimbilia upande ule, upande huu umeshindwa, hata kama wanajua kupiga. Ndiyo maana mabingwa walileta nyoka, sanamu za mbao na kila aina ya kioja, na ndiyo maana manju, mtunga nyimbo, alikuwa na thamani ya ng'ombe wengi. Padri David Clement, Mkanada aliyeanzisha kituo cha Bujora, nje kidogo ya Mwanza, katika miaka ya 1950, alikusanya ngoma na vifaa vya vyama hivyo. Waliofika makumbusho ya pale wameviona.

Manju huingia uwanjani kwa jina la uwanjani. Kwa jina hilo hujisifu, humtukana mpinzani, humsuta mtemi kwa mafumbo, hulia mapenzi hadharani. Maneno hayo akiyasema nyumbani kwake jioni, huku amekaa kwenye kigoda, mkewe atacheka. Uwanjani hakuna anayecheka, au huchekwa yule aliyelengwa. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa: hakuna aliyefichika. Mtoto mdogo anamjua manju ni mwana wa nani, analima wapi, ana mbuzi wangapi. Daftari limo vichwani mwa kila mtu. Jina la uwanjani halikuwa pazia, lilikuwa ruhusa. Kila mtu alikubali kwamba kwa saa hizo chache mtu huyu ni mwingine, na ngoma ikiisha alirudi kuwa yuleyule, akakope jembe kwa jirani aliyemsuta mchana.

Gazeti ndilo lililoleta pazia. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo, na kurasa zake za mashairi zikawa baraza ambalo Kiswahili hakijawahi kuwa nalo kabla ya hapo. Mtu wa Tanga aliuliza swali kwa beti nane; wa Tabora akamjibu; wa Mwanza akawakosoa wote wawili vina; na mzunguko mmoja wa malumbano ungeweza kuchukua miezi, kwa kuwa barua ilikwenda kwa treni na meli. Watu waligombana, wakapatana, wakawa marafiki wa miaka mingi bila ya kupeana mkono. Mtunzi wa tenzi wa zamani alikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni, pengine kwa fumbo la kuhesabu herufi. Mshairi wa gazetini alijitaja kwa lakabu. Akilimali alijiita Snow-White, na lakabu hiyo ikashikamana naye hata juu ya jalada la diwani yake ya mwaka 1963. Ahmad Nassir wa Mombasa alijulikana kwa Malenga wa Mvita, Mwinyihatibu Mohammed kwa Malenga wa Mrima. Ustadh Andanenga alijiita Sauti ya Kiza, na kama kuna lakabu iliyowahi kulieleza jambo hili lote kwa maneno matatu ndiyo hiyo: unasikia, huoni.

Utamu wa baraza lile ulikuwa katika mizani. Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote. Mpishi angeweza kumsahihisha karani, karani akamsahihisha mwalimu wake, mradi vina vinakaa. Nchi ilitawaliwa kwa rangi na kwa cheo, lakini ukurasa ule ulikuwa na sheria nyingine, na mtu aliyenyamazishwa kutwa nzima kazini aliweza kuonekana jioni kuwa ni bingwa. Daftari, hata hivyo, lilikuwapo, katika mtoto wa meza ya mhariri. Desturi ya magazeti ni kwamba mwandishi apeleke jina lake la kweli na anwani, hata kama havitachapwa. Mhariri alijua. Alikuwa mtu mmoja, mwenye ofisi, na msomaji aliamini kwamba mtu huyo hatafungua kinywa. Washairi waliweka amana kwake kama mtu anavyoweka fedha kwa mzee wa mtaa.

Wengine hawakuficha jina, walificha maana. Saadani Abdu Kandoro ni mfano, naye analihusu ziwa. Mshairi huyu alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha TAA kule Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na alikuwa mmoja wa wajumbe wa Jimbo la Ziwa katika mkutano wa Dar es Salaam ulioizaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Alitia sahihi kwa jina lake, akaacha mafumbo yafanye kazi ya pazia. Muda mfupi baada ya mkutano ule serikali ya kikoloni ilikataa kuyasajili matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa, na hali hiyo ikadumu hadi mwaka 1958. Bila ya usajili hapakuwa na kadi wala mkutano wa halali. Lakini palikuwa na pamba, na palikuwa na vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa shirikisho moja kubwa chini ya Paul Bomani. Watu walewale walikutana kuzungumza bei ya pamba, na kila mmoja alijua kuna mazungumzo gani mengine yaliyokaa ndani ya bei hiyo. Chama kizima kilikuwa kimelazimika kuishi kwa lakabu.

Neno usajili na likae akilini, kwani litarudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 intaneti Mwanza ilikuwa ni vyumba vya kulipia kwa saa, feni imelegea, foleni mlangoni. Mwaka 2006 ulianzishwa ukumbi wa mtandaoni ulioitwa Jambo Forums, na mwaka 2008 ukabadili jina kuwa JamiiForums. Hata ukumbi wenyewe, basi, unaishi kwa jina la pili. Mwenye kuingia alijipa jina, akachagua picha ya simba au ya ua au ya mchezaji mpira, akaanza kusema. Waliozoea kurasa za mashairi za magazeti walijikuta nyumbani: swali, jibu, jibu la jibu, mtu anayeheshimiwa kwa hoja zake na mwingine anayejulikana kwa matusi yake, urafiki baina ya wasioonana. Kilichokuwa kigeni ni kasi. Kilichochukua miezi kilichukua dakika.

Na mvuto ulikuwa uleule wa santuri ya Siti. Mtumishi wa wizara alitoa nyaraka ambazo kwa jina lake asingethubutu kuzitaja. Mwanamke aliuliza kuhusu ndoa yake mambo asiyoweza kumwuliza somo wala shangazi. Kijana wa kijijini alibishana na profesa, na profesa, asiyejua kwamba anabishana na kijana wa kijijini, alijibu kwa adabu. Faida ya namna hiyo wengi hawaihesabu. Husemwa sana kwamba lakabu humpa mtu ujasiri wa kutukana; ni kweli; lakini pia humpa mwenzake sababu ya kumsikiliza, kwa kuwa hajui bado kama anastahili kudharauliwa.

Ulimwengu mwingine ulikuwa umekwisha kulifikiri jambo hili. Sherry Turkle wa Marekani alichapisha mwaka 1995 kitabu kuhusu watu walioishi sehemu kubwa ya siku zao ndani ya michezo ya kompyuta kwa majina na nafsi za kubuni, na mwaka 2003 ulifunguliwa huko ulimwengu wa mtandaoni ulioitwa Second Life, maana yake maisha ya pili, ambamo mtu hununua kiwanja kisichokuwapo na kujenga nyumba isiyoingiwa na mvua. Umbo la mtu ndani yake huitwa avatari, neno la Kisanskriti la mungu kushuka duniani katika mwili mwingine. Wahindu wa Mwanza walilijua neno hilo kabla ya kompyuta. Lakini mwalimu wa kweli wa somo hili ni mshairi. Fernando Pessoa, Mreno aliyefariki mwaka 1935, alikulia Durban, kwenye bahari hii hii ya Hindi. Hakutosheka na lakabu. Alitunga washairi kamili, Alberto Caeiro, Ricardo Reis, Álvaro de Campos, kila mmoja na maisha yake, imani yake na namna yake ya kuandika, wakakosoana wao kwa wao. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya kutafsiri barua za biashara maofisini. Aliyewahi kufanya kazi ya tafsiri atamwelewa haraka kuliko wengine: kutwa nzima unasema kwa kinywa cha mtu.

Pazia lina upande wake wa pili, na Watanzania wanaujua bila ya kufundishwa. Hakuna mwenye simu ambaye hajapata ujumbe mfupi unaomtaka ile pesa aitume kwenye namba hii. Pesa gani, na nani aliyeiahidi, haisemwi. Mwandishi wa ujumbe anategemea kwamba katika watu mia yupo mmoja aliyekuwa njiani kutuma. Kuna wanaume wanaoandika kama wanawake ili wapewe nauli, na kuna waganga wasio na kijiji. Tapeli naye anaishi kwa jina la pili, tena kwa ufundi, na haifai kujidanganya kwamba lakabu yake ni ya aina nyingine na ya mshairi. Ni kitambaa kimoja kilichokatwa nguo mbili.

Serikali ilijibu kwa daftari. Laini za simu zilitakiwa kusajiliwa, kisha kusajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Siku ya mwisho ilikuwa 20 Januari 2020, na foleni za kutafuta vitambulisho zilikuwa ndefu kila mkoa. Kabla ya hapo ilipita Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Polisi walianza kuutaka ukumbi wa JamiiForums uwape majina ya kweli ya baadhi ya waandishi wake. Mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikataa. Desemba 2016 alikamatwa na kufikishwa mahakamani Kisutu, na kesi zikaendelea kwa miaka. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya kimataifa ya kamati ya New York inayowatetea waandishi wa habari. Mwaka 2020, katika mojawapo ya kesi zile, alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi na kutozwa faini. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizotaka leseni, ziliufunga ukumbi kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Septemba 2025 mamlaka ya mawasiliano iliisimamisha leseni yake kwa siku 90.

Hoja ya serikali si ya kupuuzwa na mtu aliyetapeliwa mchango wa msiba. Lakini tazama ni kitu gani kilichobishaniwa Kisutu. Hakuna aliyesema lakabu zisiwepo. Swali lilikuwa la mtoto wa meza ya mhariri: aliyepewa amana ya majina mawili anaruhusiwa kuinyima dola? Mhariri wa zamani aliweka barua mia. Mwenye ukumbi wa leo ameweka maelfu kwa maelfu, nyingine zimeandikwa usiku na watu waliokuwa na hofu. Daftari likifunguliwa kwa ajili ya tapeli mmoja limefunguliwa pia kwa ajili ya yule mwanamke aliyeuliza kuhusu ndoa yake. Hapa shairi na sheria haviwezi kupatana kwa urahisi, na huenda ni vyema visipatane haraka.

Kuna mahali pamoja ambapo daftari hufunguka lenyewe bila ya askari. Huduma za fedha kwa simu zilipoingia Tanzania mwaka 2008 zilileta na desturi ndogo: unapotuma fedha, jina lililosajiliwa la mpokeaji huonekana. Basi marafiki wa miaka kumi, wanaojuana kwa jina la ndege au la shujaa wa sinema, mmoja akifiwa na mama hutaka kumchangia. Huomba namba. Hutuma. Na kwenye kioo hujitokeza majina mawili ya kawaida, la ubatizo na la baba, kama yale yanayosomwa shuleni asubuhi. Aghalabu hakuna anayesema kitu. Mtu hulitazama jina lile, akathibitisha kiasi, na kesho yake wanaendelea kuitana ndege na shujaa.

Ghuba ile ya Mwanza inajua pia habari ya majina yaliyokosa mtu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Mv Bukoba, ikitokea Bukoba, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Mwanza. Meli ilikuwa imejaa kupita kiasi, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha kamili ya majina. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Wengi kati yao walizikwa katika makaburi ya Igoma, wengine bila ya mtu wa kusema huyu ni fulani. Kwa siku nyingi jamaa walipita wakitafuta uso, nguo, pete. Palikuwa na miili bila ya majina, na kwenye vijiji vya Kagera majina bila ya miili.

Mtandaoni mambo huwa kinyume. Mwenye jina la kubuni akifa, nyumbani kwake hufanywa matanga, jina lake la kweli husomwa msikitini au kanisani, watu wakala na kutawanyika. Mke hajui lile jina jingine, kwa hiyo hana wa kumpelekea taarifa. Huko kwingine hakuna anayelia. Huulizwa siku chache bwana huyu amepotelea wapi. Mmoja akasema amechoka na siasa, mwingine akasema labda amebadili jina. Kisha mazungumzo yakahamia kwingine. Jina hubaki pale lilipo, na picha yake ya simba au ya ua, na mashairi yake yote. Chini yake mtambo huonyesha siku na saa aliyoonekana mara ya mwisho.

Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja refu la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa upande wa kusini wa ghuba, na vivuko vya pale vimepumzika. Wa kwenda Kamanga moja kwa moja kutoka mjini bado hungoja gatini, mkono mmoja umeshika mzigo, mwingine simu.